Je, damu inaweza kutuambia kwamba gegedu la goti limeanza kulika kabla ya eksirei kuona?

Mpimaji wa Barani (mleta uzi), Malindi

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote wanajamvi.

Katika maabara ninayofanyia kazi hapa Malindi, watu wanazidi kuja na ombi moja: wamesikia kwamba siku hizi damu kidogo inatosha kuonyesha kama magoti yameanza kuharibika, nao wanataka wapimwe kabla hawajafikia kutembea kwa bakora. Wengine huja na tangazo kwenye simu, lenye bei na jina la kifurushi. Foleni ya asubuhi hainipi nafasi ya kueleza, kwa hiyo nimeona niliandike jambo hili hapa kwa utulivu. Nautanguliza msimamo wangu ili msomaji asihangaike kuutafuta: elimu ya viashiria hivi, yaani vitu vilivyomo katika damu au mkojo vinavyodokeza ugonjwa, ni ya kweli na imefika mbali, lakini bado haijafika pa kumwamulia mgonjwa mmoja anayeumwa goti moja, na pesa zinazoombwa kwa kipimo hicho zina kazi nyingine iliyo bora.

Tuanze na gegedu lenyewe. Ni tabaka jeupe lenye utelezi, linalofunika ncha za mifupa mahali inapokutana, na katika goti unene wake ni wa milimita chache tu. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Chakula chake hulifikia kupitia majimaji ya kiungo, na linapoanza kulika haliumi. Maumivu anayoyasikia mtu hutoka katika mfupa ulio chini yake, katika utando unaokizunguka kiungo na katika kano. Ndiyo sababu mtu huja kulalamika wakati uharibifu umekwisha kwenda mbali. Eksirei nayo hailioni gegedu. Inaona mifupa, na daktari huukisia unene wa gegedu kwa kutazama nafasi iliyobaki kati ya mfupa na mfupa. Madaraja ya kusoma picha hizo, kuanzia 0 hadi 4, yalipangwa na Kellgren na Lawrence mwaka 1957, na mpaka leo bado yanatumika. Kipimo cha MRI huliona gegedu, ila bei yake na safari yake mnazijua wenyewe.

Ukiacha maji, gegedu limejengwa zaidi kwa vitu viwili. Cha kwanza ni nyuzi za kolajeni ya aina ya pili, ambazo hulipa uimara. Cha pili ni agrekani, protini kubwa iliyojaa sukari zenye kuvuta maji, ambayo hulipa uwezo wa kubonyea na kurudi. Ugonjwa wa kuchakaa viungo unapoanza, vimeng'enya, yaani protini zenye kazi ya kukata na kuvunja, hukata vyote viwili: ADAMTS-4 na ADAMTS-5 huikata agrekani, na MMP-13 huikata kolajeni. Vipande hudondokea kwenye majimaji ya kiungo, hupenya utando, huingia katika limfu na damu, na vingine huishia kwenye mkojo. Hivyo vipande ndivyo vinavyotafutwa. Fundi wa Matondoni anayekuta unga wa mbao chini ya ubavu wa jahazi hajui bado mdudu amechimba mpaka wapi, lakini anajua kwamba amekwisha ingia.

Lipo jaribio la zamani ambalo napenda kulitaja kila mazungumzo haya yanapozuka. Mwaka 1956, huko Marekani, Lewis Thomas aliwadunga sungura papaini kwenye mshipa wa damu. Papaini ni kimeng'enya kinachotoka katika utomvu wa papai. Masikio yao yalilegea yakaning'inia, kwa kuwa gegedu linalolisimamisha sikio la sungura lilikuwa limepoteza agrekani na protini za jamii yake, na baada ya siku chache yakasimama tena. (Mapapai ya sokoni kwetu yaendelee kuliwa bila hofu, kula si kudungwa.) Masikio yale yalirudi kwa sababu kilichoondoka ni kitu ambacho seli zinaweza kukitengeneza upya. Kolajeni ina tabia nyingine kabisa: inakadiriwa kwamba katika gegedu la mtu mzima nusu yake huchukua zaidi ya miaka 100 kubadilishwa, ambayo ni njia ya kusema kwamba nyuzi zinazokatika mtu akiwa na miaka 50 hazina badala. Kwa hiyo faida yote ya kupima mapema imo katika kipindi kile kifupi ambapo agrekani inavuja na kolajeni bado haijaguswa sana.

Msafiri wa Mokowe

Ahsante kwa maelezo, ndugu. Katika tangazo nililotumiwa mimi kipimo kimeandikwa COMP, na wanasema kinaonyesha "afya ya goti". Ninaumwa goti la kushoto peke yake. Je, kinapima la kushoto, la kulia, au yote mawili kwa pamoja?

Mpimaji wa Barani

Ndugu Msafiri, swali lako limegusa penyewe. COMP ni protini iliyotambuliwa Uswidi, katika mji wa Lund, na kundi la mtafiti Dick Heinegård. Mwaka 1992 waliieleza kama protini ya gegedu, na mwaka huohuo Heinegård na mwenzake Saxne wakaonyesha kwamba inapatikana katika majimaji ya kiungo na hata katika damu. Hapo ndipo matumaini yalipoanza, kwa maana damu ni rahisi kuipata kuliko kuchoma sindano ndani ya goti. Baadaye ilibainika kwamba protini hiyo imo pia katika kano na katika utando wa kiungo, kwa hiyo inapopanda katika damu haijitambulishi imetoka wapi. Inaweza kuwa imetoka goti lako la kushoto, la kulia, nyonga, vidole, au kano ya kisigino uliyoitonesha ukishuka kwenye mashua. Damu hukusanya kutoka mwilini kote.

Tatizo la pili ni mwendo. Watafiti waliwapima watu wazima wenye afya kabla na baada ya kutembea kwa dakika 30 katika ardhi tambarare, wakakuta COMP imepanda kwa takriban asilimia 10, kisha ikashuka, na saa tano na nusu baadaye ikapanda tena. Hao hawakuwa wagonjwa. Anayetoka Shela kwa miguu akafuata ufuo mpaka hospitalini Lamu mjini kutolewa damu atakuwa amekwisha kubadilisha jibu lake njiani. Wakimbiaji wa masafa marefu hupanda zaidi. Kwa hiyo kipimo kinachochukuliwa bila kumpumzisha mtu, bila kuandika saa na bila kuuliza alifanya nini asubuhi hiyo, ni namba isiyo na tafsiri, hata kama mashine iliyoisoma ni nzuri namna gani.

Kiashiria kingine mtakachokikuta ni CTX-II, kipande cha ncha ya kolajeni ya aina ya pili, ambacho watafiti wa Denmark walikieleza mwaka 2001 na ambacho hupimwa zaidi katika mkojo. Hiki nakithamini kuliko COMP, kwa kuwa kinatokana na kukatika kwa zile nyuzi zisizo na badala, na katika makundi makubwa ya wagonjwa kimeonyesha uhusiano wa kweli na ugonjwa wa kuchakaa viungo na kasi yake. Hata hivyo nacho kina vigeugeu vyake. Huwa juu asubuhi kikashuka mchana. Hupanda kwa wanawake baada ya kukoma hedhi. Huwa juu sana kwa watoto wanaokua. Na sehemu yake huenda inatokana na mpaka ule ambapo gegedu hugeuka kuwa mfupa, wala si uso wa gegedu unaosuguana.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: hakuna kipimo cha damu kinachojua kushoto na kulia.

Mwalimu Mstaafu wa Shela

Mpimaji, nakuheshimu, lakini naona unatukatisha tamaa mapema. Mwaka 2024 nilisoma habari iliyoenea sana, kwamba Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani kimeweza kugundua ugonjwa wa goti kwa damu miaka 8 kabla ya kuonekana kwenye eksirei. Ikiwa jambo hilo limechapishwa katika jarida la kisayansi lenye sifa, kwa nini sisi wa pwani tuambiwe tungoje? Naomba jibu lenye hoja, maana katika nchi hii tumezoea kuambiwa "bado" hata kwa vitu ambavyo wenzetu wanavitumia tayari.

Mpimaji wa Barani

Mwalimu, swali lako ni la haki, na utafiti uliousoma ni wa kweli. Uliongozwa na Virginia Byers Kraus, ambaye ametumia miaka mingi katika somo hili, na ulichapishwa Aprili 2024. Walichofanya ni kuchukua damu iliyohifadhiwa ya wanawake 200 kutoka kundi la Chingford, eneo la London, ambako zaidi ya wanawake 1,000 walianza kufuatiliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Nusu ya wale 200 walikuja kupata ugonjwa wa goti kwenye eksirei na nusu hawakupata. Watafiti walipima protini nyingi kwa mara moja, wakapata mkusanyiko mdogo, wa protini sita, uliotenganisha makundi mawili hadi miaka 8 kabla ya picha kubadilika. Kwangu jambo kubwa la utafiti huo ni kwamba umeonyesha ugonjwa huu una maisha marefu ya chini kwa chini kabla ya kuonekana. Zamani ilikuwa dhana. Sasa kuna ushahidi wa damu yenyewe.

Lakini tusome namba zake pole pole. Uwezo wa kutenganisha ulikuwa asilimia 77. Maana yake si kwamba watu 77 kati ya 100 wataambiwa ukweli. Maana yake ni kwamba ukimchukua mwanamke mmoja atakayeugua na mmoja asiyeugua, kisha ukakiuliza kipimo ni yupi mwenye hatari zaidi, kitamchagua sahihi mara 77 katika mia; kurusha sarafu kungempata mara 50. Ni kazi nzuri kwa mtafiti. Kwa mama aliyekaa mbele yangu akitaka kujua kama auze mbuzi alipie matibabu, bado ni karibu sana na ile sarafu.

Habari nyingi zilieleza pia kwamba umri na uzito vilifanya vibaya sana vikilinganishwa na damu, asilimia 51 tu. Namba hiyo ni sahihi, lakini wachache walieleza sababu yake. Makundi yale mawili yalikuwa yamelinganishwa kwa makusudi kwa umri na kwa uzito, ili damu ipimwe peke yake. Ukiwalinganisha watu kwa umri, umri hauwezi kuwatenganisha. Mtaani kwetu watu hawajalinganishwa, kwa hiyo umri na uzito, ambavyo havigharimu kitu kuvijua, bado vina mengi ya kusema. Jambo la tatu ni kwamba wote 200 walikuwa wanawake weupe wa Uingereza. Hakuna mwanamume aliyekuwemo, wala mbeba boriti za mikoko, wala mama wa Kakuyuni anayelima akiwa ameinama tangu utotoni. Kipimo kinaweza kufanya kazi vilevile kwetu, na kinaweza kisifanye. Jambo hilo hujulikana kwa kupimwa.

Niongeze kidogo, kwa sababu Mwalimu anapenda hoja zenye mpangilio. Mwaka 2006 wataalamu walikubaliana kuvigawa viashiria vya ugonjwa huu kwa kazi zake: kueleza ukubwa wa uharibifu uliopo, kuchunguza yasiyojulikana, kutabiri mwendo wa ugonjwa, kupima kama dawa inafanya kazi, na kumtambua mgonjwa. Kiashiria kinaweza kufaulu katika kazi moja kikashindwa katika nyingine. CTX-II, kwa mfano, kilichunguzwa kwa watu 600 wenye ugonjwa wa goti waliotolewa katika mradi mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 2004 na kufuatilia watu 4,796, na kilisaidia kwa kiasi kutabiri nani ugonjwa wake utakwenda kasi. Hao tayari walikuwa wagonjwa. Anayeuza kipimo hicho kwa mtu asiye na dalili anakihamisha kutoka kazi ya kutabiri na kukipeleka kwenye kazi ya kutambua bila kumwambia mnunuzi.

Bint Mkomani, Lamu

Assalaam aleikum. Nimesoma kwa makini na ninaomba mnisaidie. Mamangu alishikwa na ile homa kubwa ya viungo mwaka 2004, kama watu wengi wa mjini kwetu, na tangu wakati huo anasema viungo vyake havijarudi kama zamani. Siku hizi viganja na vidole vinamvimba, na ngazi za nyumba yetu anazipanda kwa kushika ukuta. Kliniki moja walimpima damu wakasema ana "baridi yabisi" kwa sababu kipimo cha RF kimetoka chanya. Kwingine wakamwambia ni uzee. Je, hivyo viashiria vya gegedu vingetuondolea utata huu?

Tabibu wa Langoni

Waaleikum salaam, dada. Mimi ni afisa wa kliniki, na kwa ruhusa ya mleta uzi ningependa kulijibu hili, kwa sababu limechanganya mambo matatu ambayo kwetu Lamu huchanganyika mara nyingi.

La kwanza ni ile homa. Mlipuko wa chikungunya wa mwaka 2004 ulionekana kwetu Lamu kabla ya kufika Mombasa, na baadaye ukaenda visiwa vya Komoro na Réunion. Uchunguzi wa damu za watu 288 uliofanywa Lamu mwezi Oktoba mwaka huo ulikuta asilimia 75 wana kingamwili za virusi hivyo. Kwa hiyo karibu kila mtu mzima wa mji huu ana kumbukumbu ya maumivu hayo, na wapo ambao maumivu yaliendelea kwa miezi au miaka. Jambo hili limetuletea mazoea ya kuilaumu homa ile kwa kila kiungo kinachouma. Mtu anaweza kuwa aliugua mwaka 2004, na leo akawa na ugonjwa mwingine kabisa.

La pili ni kipimo cha RF, ambacho hutafuta kingamwili fulani katika damu. Hiki ni cha zamani. Waaler alikieleza mwaka 1940 na Rose na wenzake mwaka 1948. Hutoka chanya kwa wagonjwa wengi wa baridi yabisi, lakini pia kwa wenye homa ya ini ya aina ya C, kifua kikuu, maambukizi mengine ya muda mrefu, na kwa wazee wasio na ugonjwa wowote. Peke yake hakithibitishi. Kinachokisaidia ni anti-CCP, kilichoingia katika matumizi baada ya kazi iliyochapishwa Uholanzi mwaka 1998. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2007 ulikuta kwamba vyote viwili huwanasa wagonjwa kwa kiwango kinachokaribiana, takriban asilimia 67 kwa anti-CCP na 69 kwa RF, ila katika kuwaachia wasio wagonjwa anti-CCP hufika asilimia 95 na RF hubaki 85. Ukipewa nafasi ya kulipia kimoja zaidi kwa ajili ya mama, lipia hicho.

La tatu, na hapa narudi kwenye mada, anti-CCP si kipande cha gegedu. Ni kingamwili. Katika baridi yabisi, kinga ya mwili huuvamia utando wa kiungo, utando hunenepa na kuvimba, kisha hulila gegedu na mfupa kuanzia pembeni. Kwa hiyo kipimo hicho humwona mvamizi kabla hajala kitu. Huko Uholanzi watafiti walifukua damu za wachangiaji damu waliokuja kuugua baadaye, wakakuta kwamba karibu nusu walikuwa na RF au anti-CCP kabla ya dalili yoyote, kwa wastani wa kati wa miaka 4 na nusu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Mwalimu alikuwa anatafuta damu inayotabiri ugonjwa wa viungo miaka mingi kabla; ipo, imekuwepo kwa zaidi ya miaka 20, ila ni ya baridi yabisi na si ya kuchakaa kwa goti.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa matibabu. Baridi yabisi ina dawa zinazouzuia ugonjwa wenyewe, methotreksati ikiwa ya kwanza, na zinapoanzishwa mapema chini ya uangalizi wa daktari huokoa gegedu. Kuchakaa kwa viungo hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuzuia gegedu lisilike. Kwa hiyo dada, kabla ya kipimo chochote kipya, mpeleke mama akaguliwe kwa mikono. Daktari ataangalia ni viungo gani vimevimba, kama ni vidogo vya viganja pande zote mbili, kama ukakamavu wa asubuhi unapita saa nzima au unaisha kwa dakika chache, na kama hali imezidi wiki sita. Vigezo vinavyotumika tangu mwaka 2010 hujumlisha viungo vilivyohusika na muda wa dalili pamoja na RF, anti-CCP, na vipimo vya uvimbe mwilini viitwavyo CRP na ESR, na anayefikisha alama 6 kati ya 10 huhesabiwa kuwa na baridi yabisi. Uvimbe wa viganja unaoueleza si wa kungojea.

Bint Mkomani

Ahsante sana, daktari. Ukakamavu wake unapita saa nzima. Adhuhuri ikiadhiniwa ndipo vidole vinafunguka. Nitampeleka wiki hii inshaallah.

Mfuga Punda wa Pate

Samahani kwa kuingilia mambo ya watu. Nauliza tu kama jambo hili limewahi kufanyiwa kazi kwa wanyama, maana punda wa kubeba mawe na mchanga huchechemea magoti na vifundo, nao hawawezi kueleza wanaumwa wapi.

Mpimaji wa Barani

Karibu, si kuingilia. Farasi wa mashindano wamefanyiwa kazi nyingi sana, kwa sababu gegedu lao linafanana na letu kwa mengi na kwa sababu wamiliki wao wana pesa. Kundi moja la Uswidi limeeleza kipande cha protini ya biglikani, kiitwacho BGN262, kinachoonekana katika majimaji ya viungo na damu za farasi wenye mabadiliko ya mapema, na sehemu hasa kinakotoka ni mfupa ulio chini ya gegedu. Hilo lina funzo kwa binadamu pia: huenda dalili ya mapema kuliko zote haitoki katika gegedu lenyewe. Kwa punda sijaona kipimo kilicho tayari kutumika, na mzigo mwepesi bado ndiyo dawa yao.

Mwalimu Mstaafu wa Shela

Nimeridhika na hoja ya asilimia 77, na hasa hiyo ya kulinganisha umri. Nina swali la mwisho ambalo wazee wenzangu barazani watanituma nilete jibu. Sisi tunakunja magoti katika swala mara tano kwa siku, na kuna kijana ametuambia kwamba kukaa tahiyatu ndiko kunakomaliza gegedu, eti damu ya mtu ikipimwa baada ya swala itaonyesha. Je, kuna msingi?

Mpimaji wa Barani

Mwalimu, tafiti zilizohusisha kukunja magoti na ugonjwa wa goti ni za kazi: watu wanaopiga magoti au kuchuchumaa kwa saa nyingi kila siku, na hasa wanaobeba mizigo mizito wakiwa hivyo. Utafiti wa Framingham, mji wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1991 ulikuta uhusiano huo kwa wanaume waliofanya kazi za namna hiyo. Dakika chache za tahiyatu si kipimo kimoja na saa sita za kuweka vigae. Na kama damu itachukuliwa mara tu baada ya mtu kwenda msikitini kwa miguu, kuswali na kurudi, COMP inaweza kupanda kidogo kama ilivyopanda kwa wale waliotembea dakika 30, bila kuwa dalili ya ugonjwa. Mzee ambaye goti linamuuma anapolikunja aswali juu ya kiti kwa sababu ya maumivu, si kwa sababu ya kijana huyo.

Wazee wapelekee na hili, kwa kuwa ndilo lenye ushahidi mzito kuliko yote tuliyoyazungumza kuhusu kuchakaa kwa goti. Framingham hiyohiyo, mwaka 1992, ilionyesha kwamba wanawake waliopungua takriban kilo 5 katika kipindi cha miaka 10 walipunguza uwezekano wa kupata ugonjwa wa goti wenye maumivu kwa zaidi ya nusu. Hakuna kiashiria cha damu kilichowahi kumpa mtu faida kama hiyo. Pamoja na uzito kuna mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, ambayo mkufunzi wa fiziotherapia anaweza kuyafundisha kwa kikao kimoja au viwili, na ambayo hayahitaji kifaa zaidi ya kiti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 waliishi na ugonjwa wa kuchakaa viungo, na goti ndilo lililoongoza kwa milioni 365. Kwa umati huo, ningependa kipimo cha mapema kipatikane kesho asubuhi, na naamini kitakuja, na kwa maoni yangu kitakuwa mkusanyiko wa protini kadhaa na hakitakuwa kimoja kinachouzwa peke yake.

Msafiri wa Mokowe

Basi nikirudi kwa yule mwenye tangazo, nimuulize nini? Amesema sampuli inachukuliwa hapa hapa na kupelekwa mbali, na majibu huja kwa simu.

Mpimaji wa Barani

Muulize kipimo chake kilithibitishwa kwa watu wa aina gani, na kama walikuwa wagonjwa tayari au watu wenye afya. Muulize mtu anatakiwa apumzike kwa muda gani kabla ya kutolewa damu; akikujibu kwamba haijalishi, na kipimo ni COMP, rudi nyumbani na pesa zako. Muulize damu inatenganishwa na kugandishwa baada ya muda gani, kwa maana protini hazivumilii joto la boti na la matatu. Kisha muulize jambo lililo zito zaidi: namba ikitoka juu, atakushauri ufanye nini ambacho usingelifanya ikitoka chini?

Na kama kuna mtu hapa anashiriki utafiti halali ambapo anaombwa mkojo kwa ajili ya CTX-II, asione ajabu akiambiwa aache ule wa kwanza wa alfajiri na alete wa pili, kwa saa ileile kila mara. Jibu lake hugawanywa kwa kreatinini iliyomo, taka ya misuli inayoonyesha mkojo ni mzito kiasi gani, ili aliyekunywa maji mengi asionekane mzima kuliko mwenzake aliyefunga.